Nimewaambia Mnyama Wako Ndiye Aliyekuua

Mama,

Ninakuandikia kwa kreyoni, kalamu ya risasi. Ungekuwa hapa usingeniuliza kwa nini. Ni wewe uliyenifundisha kwamba wino huyeyuka ndani ya alikoli na kreyoni hubaki. Nimeichonga kwa wembe wa Tantine Vero mpaka ncha yake imekuwa kama mwiba. Nimekaa nyuma ya nyumba yake alikonipokea, hapa Bigo, mtaa wa Bunia, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na chungu kiko kati ya miguu yangu, kimefunikwa gunia bichi. Mnyama wako yumo ndani. Yu hai.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

La pili ni gumu. Nimesema uongo juu yako, Mama. Nimeusema mbele ya watu wengi, mchana, kwa sauti kubwa. Mimi, ambaye ulikuwa unanituma dukani na karatasi mkononi ili nisilazimike kufungua kinywa. Nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu, si kutoka kwa mtu mwingine atakayekufuata huko.

Hatuko tena kijijini. Majuma machache baada ya kukuzika, risasi zilianza upande wa Gety, na asubuhi moja watu wakaingia barabarani bila kuagana na nyumba zao. Nilitembea na Mama Pasteur na watoto wake. Nilibeba sufuria moja, kikwembe chako cha bluu cha kujifunga, na lile kopo la maziwa ya unga ulilotoka nalo pangoni, naye akiwa ndani. Kila penye kijito niliingiza vidole majini na kunyunyizia ndani, kama ulivyoniambia. Mama Pasteur alinitazama akatikisa kichwa. "Watu wanabeba mbuzi, weye unabeba mududu."

Ungemjibu mara moja: si mdudu, ana miguu minane, ni jamaa ya buibui. Mimi nilinyamaza.

Shule nimeiacha. Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, biokimia, na nimebaki hapo. Madarasa ya hapa Bunia yamejaa familia zinazolala chini ya mabao ya kuandikia, na kwenye bao moja nililochungulia bado kulikuwa na mchoro wa ua, umeandikwa sehemu zake zote, na chini yake mwanamke alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Sikulia. Nilisoma majina ya sehemu za ua moyoni, nikaenda zangu.

Lakini nirudi njiani, kwa sababu kitu kilitokea huko ambacho nilikuja kukihitaji baadaye. Kwenye bariyeri moja vijana wenye bunduki walikuwa wanafungua mizigo ya kila mtu. Mmoja, mdogo kuliko mimi nadhani, alinyang'anya kopo langu. "Nini iko ndani? Dhahabu?" Sikuweza kujibu, unanijua. Akafungua kifuniko, akatia jicho. Mnyama wako akanyoosha ile mikono yake miwili mirefu kama uzi, taratibu, akamgusa kijana kidole gumba.

Mama, kijana yule alipiga kelele. Kopo lilianguka, bahati nzuri kwenye majani. "Muchawi! Muchawi! Pitieni! Pitieni wote na muchawi yenu!" Tukapita, sisi na waliokuwa nyuma yetu, bila kuacha hata chumvi. Mama Pasteur alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, akaniambia, "Sasa ninaelewa kwa nini unamubeba."

Nilicheka naye. Lakini moyoni nilikuwa na uchungu, kwa sababu nilielewa kitu ambacho wewe hukukielewa kwa wakati, na sijui kama naruhusiwa kukuambia. Nakuambia. Woga wa watu ndio uliokuwa unalilinda pango, na wewe ndiye uliyeuondoa.

Najua uliuondoa kwa upendo. Ulikuwa mfuaji nguo wa Madame, yule mzungu aliyekuja kuchunguza mapango, kisha ukawa mbeba taa wake, kisha ikaonekana kwamba wewe ndiye unayeona kile ambacho Madame anakikanyaga. Ulikuwa na masomo ya mwaka wa ine wa msingi, na mwandiko wa mtu anayelima kila herufi. Ulinisimulia mara ngapi siku ile Madame alipopiga magoti katika chumba cha mwisho, pale maji yanapodondoka, akamtazama huyu mweupe bapa kama jani lililooza, mwenye macho kama tundu la sindano, akaanza kulia? Kwenye mapango mengine wako wakubwa weusi, alikuambia, lakini huyu hajamwona popote, wala kwenye vilima vya jirani. Labda ni pango hili moja tu duniani. Vita vilipokaribia akaondoka, akakuachia taa ya kichwani, pensi ya kushikia wadudu, vichupa, na nusu jerikani ya alikoli. Hakukuachia mshahara wala cheo. Lakini uliendelea kwenda kila juma, na kila ulichokiona ukakiandika kwenye kijikaratasi: ni nini, amekutwa wapi, nani aliyemwona.

"Usiandike kitu ambacho hukukiona kwa macho yako." Ndivyo ulivyoniambia. Na ukasema, "Wala usikiseme."

Nakumbuka tulivyokuwa tunakaa gizani, taa imezimwa ili betri isiishe, mimi na wewe, tukisikiliza matone. Huko ndiko pekee ambako watu hawakunitaka niongee. Ulinionyesha jinsi mama wa kundi anavyobeba watoto mgongoni, wadogo, kijani hafifu kama dengu, mpaka watakapojivua ngozi ya kwanza. Ulisema akianguka mmoja kabla ya siku yake, mama hageuki kumwokota, na huyo amekwisha. Nilikuuliza kama ni mkatili. Ukasema, "Hapana. Akigeuka, wote wataanguka."

Halafu ikaja ile Jumapili baada ya misa. Watu walikuwa wameanza tena kusema kwamba pangoni kuna mchawi, kwamba mtoto wa mtu fulani aliugua kwa sababu wewe huingia huko. Ulichoka. Ulikuja na kopo mbele ya kanisa, ukamtoa, ukamweka kwenye kiganja chako. Wanawake walikimbia mpaka kwenye mihogo. Ukacheka, ukaita: "Kujeni! Hesabuni miguu kwanza, muogope nyuma!" Kisha ukaniita mimi. Nilitaka ardhi inimeze kwa haya, lakini nilinyoosha mkono, na akatembea juu yangu kwa upande kama kaa, mpaka kwenye kiwiko. Hana sumu, ulisema. Hana utando. Hawezi kumuumiza hata mtoto mchanga. Watu wakasogea. Katekista akamgusa. Kufikia jioni watoto walikuwa wanacheza mchezo wa kutembea kama yeye, vijiti viwili mikononi.

Ulirudi nyumbani ukiimba. Na mimi nilimwona Patron Gaston amesimama nyuma ya watu wote, na viatu vyake vya plastiki, akisikiliza kwa makini kama mtu aliye darasani.

Alikuwa amekuja mlimani kutafuta mawe ya kuchoma chokaa. Huku Bunia watu walikuwa wamejazana kwa kukimbia, vyoo vinachimbwa kila mahali, na kila choo kinataka chokaa. Vita vilimfanya awe mtu mkubwa. Jiwe la pangoni lilikuwa safi, limepasuka lenyewe, mtu anapiga nyundo mara mbili linaanguka. Kikwazo kilikuwa kimoja: hakuna kijana aliyekubali kuingia kwa mchawi. Baada ya Jumapili ile kikwazo kikaisha. Jumatano nyundo zikaanza.

Nataka kuyaandika yote, hata yale unayoyajua, ili yawepo.

Walivunja mlango wa pango mpaka mwanga ukaingia kwenye chumba cha kwanza, halafu cha pili. Upepo ukavuma ndani, kuta zikakauka. Ulipita ukiwaokota wanyama wako, nao wamekauka kama maganda ya kitunguu. Ulimwendea Patron mara tatu. Mara ya kwanza alikupa kiti. Mara ya pili alikucheka: "Mama Biolozi, watu wanakufa mu nchi hii, weye unalilia buibui?" Mara ya tatu alikuwa na haraka, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanalalamika popo wanawarukia usoni, na alikuwa ameleta matairi ya kuwasha mlangoni ili popo watoke wote kwa siku moja.

Ulimwambia, "Nipe mpaka saa sita. Niwatoe wale wa chumba cha mwisho."

Akasema, "Sawa, mama. Mpaka saa sita."

Ulinipa kazi moja. Nisimame pale mlangoni, na mtu yeyote akitaka kuwasha mapema, nipige kelele. Hukuniambia kitu kingine. Ukavaa taa, ukaingia.

Patron aliyamwagia matairi mafuta saa ine.

Nilienda mbele yake, Mama. Naapa nilienda. Nikasema, "Mama iko ndani." Nilisema kwa sauti ile yangu, ile ambayo mwalimu alikuwa anasema anaisikia kwa macho. Wafanyakazi walikuwa mbali, wanasogeza mawe, hawakusikia. Lakini yeye alisikia. Kwa majuma mengi nilijiambia labda hakusikia, na nikajichukia mimi peke yangu. Lakini alisikia, kwa sababu alinijibu. Alinitazama usoni, akasema, "Atatoka." Kisha akawasha.

Ndipo nikapiga kelele. Kelele zangu zilikuja baada ya moto.

Ulitoka ukitambaa, mweusi kama chungu, kopo liko chini ya blauzi yako. Ndani alikuwa mmoja tu, na mayai chini ya tumbo lake. Uliishi siku kumi na moja. Kila ulipokohoa ulikuwa unanitazama kana kwamba unaomba radhi kwa kelele. Hukumtaja Patron Gaston hata mara moja. Ulisema nimweke yule penye giza, nimpe maji, nimpe mende wadogo, si wakubwa. Hukunituma nilipe kisasi. Nataka hilo lijulikane. Nimejituma mwenyewe.

Na sasa nikuambie kitu ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa umeshalazwa kwenye mkeka. Siku ya kilio, akiwa ameshika kofia mkononi, Patron Gaston alileta mfuko wa chokaa. "Ya kupaka kaburi," alisema. "Alikuwa mama wa maana." Wajomba walimshukuru. Walimpa kinywaji. Wakachanganya chokaa ile na maji, wakakupaka, na kaburi lako likang'aa mpaka watu wakasema ni kaburi zuri kuliko yote. Mama, umelala chini ya ukuta wa pango lako mwenyewe, uliochomwa na kusagwa na mkono wa yule yule. Nilisimama pale na kidole changu kikiwa cheupe. Nilikilamba. Kiliniunguza ulimi, na nilifurahi kwamba kimeniunguza, kwa sababu nilitaka kukumbuka.

Tangu siku hiyo sijawa mtoto mwema. Usiku wa sala Tantine Vero husema tuwasamehe adui zetu, na mimi hufunga midomo pale ile sehemu inapofika.

Patron Gaston pia alikimbilia Bunia. Nilimwona juma la pili, anauza chokaa karibu na kambi, amenenepa. Nilianza kumfuata. Nilijua anakula wapi, anasali wapi, anaegesha wapi baiskeli zake za mizigo. Niliwaza mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa kreyoni yako. Kila jioni nilirudi kwenye chungu, nikamlisha mnyama wako, nikanawa mikono. Juma hilo watoto walitoka kwenye mayai, wakapanda mgongoni mwake mmoja mmoja. Niliwatazama kwa mwanga wa mshumaa uliofunikwa karatasi nyekundu. Nilikuwa peke yangu na jambo kubwa kama hilo. Nilitamani uone.

Kisha ikaja habari kwamba barabara ya kusini imetulia kidogo. Patron Gaston akatangaza anatafuta vijana wa kurudi mlimani. Safari hii alitaka kuingia mpaka mwisho, kwenye chumba cha maji, kwa sababu huko jiwe ni jeupe zaidi. Alisema hivyo kwa kujivunia, kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa letu hapa Bigo, amesimama juu ya mfuko wake. Uwanja ulijaa. Vijana wamekaa bila kazi tangu wafike, na mtu yeyote anayesema "kazi" wanamzunguka kama kuku.

Nilikuwa nimesimama na jagi la maji, nyuma kabisa. Kijana mmoja akauliza, "Patron, siye tulisikia kule kuna muchawi ya pango."

Patron akacheka. Na akasema, Mama, nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka: "Muchawi gani? Mama Biolozi mwenyewe alimubeba ku mukono, mbele ya kanisa! Akamuweka na ku mukono wa mutoto wake. Hana sumu. Yule mama alikuwa anajua, alifundishwa na wazungu. Kama mama yule hakuogopa, siye wanaume tutaogopa?"

Alikuwa anatumia jina lako kuwaswaga waingie. Kile ulichosema kwa upendo, yeye alikuwa anakipiga kama fimbo.

Niliweka jagi chini. Nilikimbia nyumbani, nikamtoa kwenye chungu, nikamweka kwenye sahani ya bati, nikafunika na kikwembe chako cha bluu. Watoto wake walikuwa bado mgongoni. Nilijua siku yao haijafika. Nilijua, na nilimbeba hivyo hivyo.

Watu walinipisha kwa sababu hawakujua nimebeba nini. Nilipofika mbele yake nikafunua. Waliokuwa karibu wakaruka nyuma, wakakanyagana. Na mimi nikafungua kinywa.

"Yule mama ni mama yangu," nilisema. "Alimubeba ku mukono, ni kweli. Iko wapi sasa?"

Nikainua sahani juu ili wa nyuma waone.

"Iko mu udongo," nikasema. "Huyu ndiye alimuua."

Sauti ile sikuijua. Ilikuwa yako, ile ya "hesabuni miguu kwanza". Nikaendelea. Nikasema hamuui mtu siku hiyo hiyo. Nikasema pumzi yake inaingia kifuani na inakaa humo, inakula polepole, na mtu anaanza kukohoa akifikiri ni vumbi. Nikasema mama yangu alikohoa siku kumi na moja. Kisha nikawauliza, "Nani hapa alishatumika kazi kwa Patron kule mulimani, na hakohoi?"

Mama, walikuwepo kama sita au saba. Wote walikuwa wamevuta chokaa ile mwezi mzima. Mmoja akaanza kukohoa pale pale, akajaribu kuzuia, akashindwa. Jirani yake akampiga bega. "Yo! Na weye ulisema ni sigara!" Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika kwa sababu wa pili naye alianza.

Patron Gaston akashuka kutoka kwenye mfuko. "Uongo! Mutoto huyu anasema uongo! Mama yake hakuuawa na mududu!"

Ndipo nilipomngoja. Tangu kaburini nilikuwa namngoja hapo bila kujua.

"Basi sema weye, Papa Gaston," nikasema. "Weye ulikuwa pale. Nini ilimuua?"

Akafungua kinywa. Alinitazama usoni kama siku ile akiwa na kiberiti mkononi, na nikaona neno likipanda mpaka kwenye meno yake. Moshi. Lilikuwa neno moja tu. Angelisema, mnyama wako angekuwa hana hatia, wewe ungekuwa mkweli, na vijana wangeingia pangoni. Na kila mtu angeuliza moshi wa nani.

Akafunga kinywa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Kisha akakohoa. Kikohozi kile kile, Mama. Alikishika kifua chake mwenyewe, akaitazama sahani, akarudi nyuma hatua mbili. Yeye aliyekuona ukimbeba! Yeye aliyejua kuliko wote! Alimwogopa.

Sitaki kukudanganya na wewe pia. Nilifurahi. Bado nafurahi ninapoandika.

Lakini ilibaki hatari moja. Mama Pasteur alikuwa pale, na kapu la mihogo kichwani. Alijua. Risasi zilipoanza, kabla hatujaingia barabarani, yeye na watoto wake walijificha siku tatu katika kile chumba cha mwisho, kwa sababu wewe ulikuwa umemfundisha kwamba hakuna cha kuogopa. Wale wanyama wachache waliobaki walitembea juu ya watoto wake wakiwa wamelala, na hakuna aliyeumwa. Wapo hai kwa sababu ya ukweli wako. Na mimi nilikuwa naufukia ukweli huo mbele ya macho yake. Nilidhani atasema, na kama angesema, nisingemlaumu.

Alishusha kapu. "Ni kweli," alisema. "Mie nilimuuguza yule mama. Nilimuona akikufa. Mwenye kutaka kwenda, aende, lakini aache jina la watoto wake hapa tuwatunze."

Vijana wakaanza kuondoka, kwanza wawili, kisha kwa makundi. Patron aliwaita kwa majina. Hakuna aliyegeuka.

Baadaye, tukirudi, Mama Pasteur aliniambia, bila kunitazama, "Wanawake wa kwetu tunajua. Siku ikifika tena ya kujificha, tutajua mahali pa kwenda. Wanaume wa nyundo, acha waogope." Halafu akaongeza, "Mama yako angekuchapa." Najua. Ungenichapa.

Mtoto mmoja alianguka uwanjani. Nilimwona akidondoka kutoka kwenye sahani watu walipokanyagana, kitu kidogo cha kijani hafifu kwenye vumbi. Wengine walikuwa bado mgongoni. Sikugeuka.

Majuma mawili yamepita. Wale waliobaki wamejivua ngozi, wameshuka, wamejibandika chini ya gunia wakiangalia chini, kama wenzao walivyokuwa kwenye dari la pango. Patron Gaston amekonda. Anapelekwa kwa wanaomwombea kila alfajiri, wanamwekea mikono kifuani wakimkemea mchawi. Nasikia alijaribu kutafuta watu wa kazi mpaka mji wa Niania. Uongo wangu ulikuwa umepanda lori kabla yake. Alikuja hapa nyumbani pia, kumwambia Tantine Vero kwamba nimemharibia. Tantine hakumpa kiti. Mimi nilikuwa mlangoni, na safari hii yeye ndiye aliyeshindwa kunitazama. Angeweza kupona kesho, Mama. Angesimama uwanjani aseme neno moja, vijana wote wangejua hakuna mchawi. Hatalisema. Acha akohoe.

Kinachoniuma ni wewe. Watu hapa sasa wanasema Mama Biolozi alikuwa mjinga, alicheza na kifo, akamchezesha na mwanawe. Nikipita wananionea huruma. Nimewapa jina lako walikanyage, ili wasikanyage chumba cha mwisho. Nililipima hilo usiku mwingi na silipimi tena.

Sasa nakuaga, kwa sababu kreyoni imebaki fupi na bado nina karatasi moja ya kuandika.

Ahadi yangu ni hii. Barabara ikiwa nzuri kwelikweli, si kwa maneno ya Patron, nitarudi na chungu. Nitapita kaburini kwanza, nitaikwangua chokaa ile yote kwa panga, ubaki na udongo wako. Kisha nitaingia mpaka kwenye matone, nizime taa, niwaachie. Na katika ule ufa ulimokuwa unaweka vichupa vya Madame, nitaweka kichupa kimoja cha alikoli chenye karatasi ndani, ili mtu atakayekuja siku moja na taa badala ya nyundo asome kile ambacho niliona kwa macho yangu. Mpaka siku hiyo nitadanganya kila atakayeniuliza, na sitaomba radhi kwa yeyote ila wewe.

Karatasi nimeiandika sasa hivi, kwa herufi zako, kila moja imelimwa:

*Mama Adela. Chumba cha mwisho. Moshi wa matairi, saa ine asubuhi, aliahidiwa saa sita. Aliyewasha: Gaston. Aliambiwa yumo ndani. Aliyemwambia na aliyeona: binti yake, Emeransi.*